Kete Mia Moja na Neno la Kiswahili: Mvuto na Kasoro za Mchezo wa Scrabble

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa karatasi ya Lugha, niruhusu nianze kwa kuungama kosa.

Ilikuwa Ijumaa alasiri, kipindi cha vyama. Chama cha Kiswahili hakikuwa na kifaa chochote cha mchezo, basi tukaazima Scrabble ya wenzetu wa Kiingereza. Mvulana wa Kidato cha Pili, ambaye kwa kawaida haandiki insha ila kwa kusukumwa, akatazama kete zake saba, akatabasamu, akaziweka zote ubaoni kwa mpigo mmoja: ANASOMA. Kwa kanuni za mchezo, atumiaye kete zote saba hupewa alama 50 za ziada, na neno la kwanza huhesabiwa maradufu. Mvulana huyu angepata alama zisizopungua 68. Mpinzani wake akainua mkono, akadai kamusi. Tukafungua. Tukaona *soma*. *Anasoma* hatukuliona. Nikaamua kwamba neno halimo, nikamwamuru azirudishe kete zake.

Akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: “Mwalimu, kama *anasoma* si neno, mbona katika insha tunaliandika kama neno moja?” Darasa likacheka. Kengele ikaniokoa. Makala haya ni jibu langu kwake, ingawa limechelewa. Ili tulipate jibu hilo, ni sharti kwanza tujue mchezo huu ulitoka wapi, uliundwa kwa lugha gani, na unabeba fikira gani kuhusu kile kinachoitwa neno.

Mchezo ulikotoka

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alfred Mosher Butts alizaliwa mwaka 1899 katika mji wa Poughkeepsie, jimbo la New York, Marekani. Alikuwa msanifu wa majengo. Mdororo mkuu wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ulisimamisha ujenzi, na mwaka 1931 Butts akapoteza kazi. Akiwa hana majengo ya kuchora, aliketi kuichunguza michezo iliyopendwa na watu. Aliona kwamba baadhi hutegemea bahati pekee, kama dadu, na mingine hutegemea akili pekee, kama sataranji. Akataka mchezo ambao ungechanganya mawili hayo, na ambao malighafi yake yangekuwa maneno.

Wakati huo jedwali la maneno lilikuwa limekwisha kuvuma. Jedwali la kwanza la aina hiyo lilikuwa limechapishwa tarehe 21 Desemba 1913 katika gazeti la New York World, na mtungaji wake alikuwa Arthur Wynne. Butts alichukua wazo la maneno yanayokatana, akaliunganisha na ule mchezo wa kupangua na kupanga herufi. Toleo lake la awali aliliita Lexiko, nalo halikuwa na ubao. Kufikia mwaka 1938 alikuwa ameongeza ubao na kulipa jina la Criss-Crosswords.

Jambo kuu kwetu sisi walimu wa lugha ni jinsi alivyozigawa herufi. Butts hakukisia. Alichukua kurasa za magazeti, likiwemo The New York Times, akahesabu kila herufi inajitokeza mara ngapi. Herufi zilizojitokeza mara nyingi alizipa kete nyingi na alama chache, zile adimu akazipa kete chache na alama nyingi. Ndiyo maana seti ya Kiingereza ina E 12, A 9 na I 9, ilhali Q na Z ni moja moja, kila moja ikiwa na thamani ya alama 10. Isitoshe, aliipunguza S hadi kete nne tu. Katika Kiingereza S huunda wingi mwishoni mwa nomino, na zingekuwa nyingi mchezo ungekuwa rahisi kupita kiasi.

Kampuni za michezo zilimkatalia. Ombi lake la hataza nalo lilikataliwa. Kwa miaka kadhaa alitengeneza seti kwa mikono yake na kuwauzia marafiki. Mwaka 1948 James Brunot, aliyeishi Connecticut, alinunua haki ya kuutengeneza mchezo, akarekebisha mpangilio wa miraba ya ubao na kuupa jina la Scrabble, neno la Kiingereza lenye maana ya kupapasa au kukwaruza kwa pupa. Mwaka 1949 Brunot na wenzake walitengeneza seti 2,400, na badala ya faida wakapata hasara ya dola 450. Inasimuliwa kwamba mambo yalibadilika pale mkuu wa duka kubwa la Macy’s alipoucheza akiwa likizoni mwanzoni mwa miaka ya 1950, akarudi na kushangaa kwamba duka lake halikuuza. Oda zikafurika. Mwaka 1953 kampuni ya Selchow and Righter ilipewa leseni ya kuutengeneza, na baadaye mchezo ukavuka bahari. Butts alifariki mwaka 1993, akiwa na umri wa miaka 93.

Tazama jambo moja, msomaji. Wakati Butts akihesabu herufi za Kiingereza, huku kwetu herufi za Kiswahili nazo zilikuwa zikitafutiwa utaratibu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikuwa umeteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ilianza kazi, na mwaka 1939 kamusi za Frederick Johnson zikatoka. Kabla ya hapo, kwa karne kadhaa, washairi wa pwani walikuwa wakiandika kwa hati za Kiarabu, ambamo irabu fupi si herufi zinazosimama peke yake bali ni alama zinazowekwa juu au chini ya konsonanti. Kwa hivyo wazo la kumwaga A na K mezani kama punje za mahindi lingekuwa geni kwao. Mchezo wa herufi na tahajia yetu ya Kirumi ni watu wa rika moja.

Ulivyofika Afrika

Afrika imeupokea mchezo huu kwa bidii. Mashindano ya kwanza ya dunia ya Scrabble ya Kiingereza yalifanyika London mwaka 1991. Mwaka 2015, mjini Perth, Australia, Wellington Jighere wa Nijeria alitawazwa bingwa wa dunia, Mwafrika wa kwanza kupata taji hilo. Mwaka 2017 mashindano ya dunia ya chama cha kimataifa cha wachezaji wa Kiingereza yaliandaliwa hapa Nairobi.

Ni jambo la kujivunia. Hata hivyo, lugha iliyochezwa ilikuwa Kiingereza. Nairobi ilitoa ukumbi na wachezaji wake. Maneno yalitoka kwingine. Hapa ndipo methali ya mcheza kwao hutuzwa inapotuuliza: je, tunacheza kwetu?

Siri ya mvuto

Kabla ya kuukosoa mchezo, tuupe haki yake. Mvuto wake ni wa namna nne.

Kwanza, kanuni ni chache. Ubao una miraba 225, yaani 15 kwa 15. Kete ni 100, mbili kati yake zikiwa tupu na zinaweza kusimamia herufi yoyote. Kila mchezaji ana kete saba. Anayejua kusoma anaweza kuanza kucheza baada ya maelezo ya dakika tano.

Pili, bahati na ujuzi vinagawana meza. Katika bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, hakuna dadu wala mfuko, na asiyejua hufungwa tu. Katika Scrabble, mwanafunzi dhaifu akivuta kete nzuri anaweza kumtikisa hodari. Matumaini hayo ndiyo yanayomrudisha Ijumaa ijayo.

Tatu, mchezo unaifanya tahajia kuwa jambo la hadharani. Mwalimu, unajua jinsi wanafunzi wetu wanavyochanganya *kura* na *kula*, *hama* na *ama*, *dhamani* na *thamani*, kwa athari za lugha za kwanza. Kosa la namna hiyo likiwa daftarini, hulisahihishwa kwa kalamu nyekundu na kusahaulika. Likiwa ubaoni, wachezaji watatu wanalitazama, wanalipinga na kulijadili. Mwanafunzi halisahau tena.

Nne, mchezo hauna kalamu nyekundu. Yule mvulana wangu asiyependa insha alikuwa tayari kuhatarisha kete saba kwa neno moja. Sijawahi kumwona akihatarisha chochote katika daftari lake.

Kasoro ya kwanza: hesabu si yetu

Sasa tuje kwenye kasoro. Chukua methali ambayo kila mwanafunzi anaijua: *Haraka haraka haina baraka*. Ina herufi 23. Hesabu A peke yake: ni 11. Seti nzima ya Kiingereza ina A 9. K zinazohitajika ni tatu, nayo seti ina moja. H zinazohitajika ni tatu, seti ina mbili. Yaani umepungukiwa A mbili, K mbili na H moja. Hata ukitumia kete zote mbili tupu, bado umekosa kete tatu. Kete mia moja zimeshindwa kuandika methali ya maneno manne!

Utasema, na ni haki yako, kwamba nimechagua methali yenye A nyingi kwa makusudi. Basi tuongeze mbili: *Mcheza kwao hutuzwa*, na *Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu*. Methali hizi tatu kwa jumla zina herufi 78. A zimejitokeza mara 21. E, ambayo ndiyo malkia wa seti ya Kiingereza kwa kete zake 12, imejitokeza mara nne tu. Na Z, ile herufi adimu ya alama 10, nayo imejitokeza mara nne, sawasawa na E. Methali tatu si utafiti, lakini zinatosha kukuonyesha uelekeo. Wape wanafunzi wako ukurasa mmoja wa gazeti la Kiswahili wahesabu wenyewe, kama Butts alivyofanya. Utakuwa umewafundisha fonolojia bila wao kujua.

Matokeo ya kutumia thamani za Kiingereza yanachekesha na kusikitisha. Neno *kazi* lina alama 17 kabla ya nyongeza za ubao, ilhali *utu* lina alama tatu. *Haki* lina 11, *ukweli* 13, na *wizi* 16. Kwa hesabu hii, mwizi anamshinda msema kweli. Tena Q na X hazina kazi yoyote katika maandishi ya Kiswahili sanifu, na C haisimami peke yake, husubiri H kama mtoto anayesubiri kushikwa mkono avuke barabara.

Lugha nyingine zilikwisha kulitambua tatizo hili. Kila lugha iliyojitengenezea seti yake ilizihesabu herufi upya. Seti ya Kiweli, lugha ya watu wa Wales, ina kete ambazo herufi mbili zinazowakilisha sauti moja huwekwa pamoja. Seti za Kihispania zinazouzwa nje ya Amerika Kaskazini zina kete za CH, LL na RR. Kwa nini basi CH yetu, SH yetu, NY yetu na NG’ yetu zisiwe kete moja moja? Mwanafunzi anayeshika kete ya NG’ mkononi hatamuuliza mwalimu tena kwa nini *ng’ombe* ina kibainishi na *ngoma* haina.

Kasoro ya pili: neno ni nini?

Hapa ndipo kosa langu lilipo, na hapa ndipo mtahiniwa anapaswa kukaza macho.

Scrabble iliundwa kwa lugha ambayo neno hubadilika kidogo na, aghalabu, mwishoni. Kiingereza kinaongeza S, na wingi umepatikana. Kiswahili ni lugha ambishi bainishi: mofimu hupangwa moja baada ya nyingine kama shanga. Tazama jinsi ubao unavyozipokea shanga hizo.

Wingi wetu huja mwanzoni. *Neno* likiwa ubaoni, unaweza kuweka MA mbele yake ukapata *maneno*. Lakini *kitabu* hakiwezi kuwa *vitabu*, kwa sababu kanuni hairuhusu kung’oa K na kupachika V. Mwishoni tuna kiambishi cha mahali: *nyumba* huwa *nyumbani*, *kitabu* huwa *kitabuni*. Kwa mchezaji wa Kiswahili, kete za N na I zinafanya kazi ile ambayo S inafanya kwa Mwingereza.

Kauli za vitenzi nazo zimegawanyika. Kutoka *piga* unaweza kufika *pigana* kwa kuongeza NA mwishoni. Lakini huwezi kufika *pigwa* wala *pigia*, kwani mofimu za kutendwa na kutendea huingia kabla ya kiishio, na kete haziingizwi katikati ya neno lililokwisha kuwekwa. Kwa maneno mengine, ubao umeruhusu kauli ya kutendana na kuzinyima nafasi kauli mbili nyingine. Muulize mwanafunzi kwa nini, naye atakueleza muundo wa kitenzi vizuri kuliko alivyoukariri.

Sasa tazama hili. Katika safu iliyo wazi, mchezaji anaweka ANDIKIA, kete saba, kwenye mwisho wa kulia wa ubao, likiegemea neno jingine. Mpinzani wake anaweka kete sita mbele yake: WATATUANDIKIA. Wa kwanza anarudi na mbili: HAWATATUANDIKIA. Hesabu herufi: ni 15 kamili. Neno limejaza safu kutoka ukingo hadi ukingo. Ndani yake mna *ha* ya ukanushi, *wa* ya nafsi ya tatu wingi, *ta* ya wakati ujao, *tu* ya mtendewa, mzizi *andik*, *i* ya kauli ya kutendea, na *a* ya kiishio. Neno hili moja ni sentensi kamili. *Tutakapowaandikia* lina herufi 17, nalo lingedondoka nje ya ubao.

Je, kamusi inayo maneno haya? La, wala haina kosa. *Kamusi ya Kiswahili Sanifu*, iliyotolewa na TUKI kwa mara ya kwanza mwaka 1981, haikuandikwa ili kuorodhesha kila umbo la kitenzi. Huorodhesha kitenzi na baadhi ya minyambuliko yake, halafu humwachia sarufi kazi iliyobaki. Lau ingejaribu kuorodhesha nafsi zote, nyakati zote, ukanushi na yambwa kwa kila kitenzi, ingelijaza jengo zima la maktaba. Nilipoitumia kamusi kama hakimu wa pekee, niliitwika kazi ambayo si yake, na nikamfunza mtoto kwamba neno ni kile tu kilichochapishwa kwa wino mzito pambizoni. Huo ni ufafanuzi wa neno unaofaa Kiingereza kuliko Kiswahili. Mtahiniwa akiubeba hadi chumba cha mtihani, atakwama pale atakapotakiwa kuchanganua kitenzi katika mofimu zake.

Kamusi, vilevile, hufuata watu, haiwatangulii. Neno *matatu*, kwa maana ya gari la abiria, lilizaliwa barabarani. Leo halimshangazi mtahini yeyote likiwa katika insha. Angelipinga mchezaji wa zamani kwa kuwa halikuwa kamusini, angekuwa sahihi kikanuni na amekosea kihistoria.

Kasoro ya tatu: umbo bila maana

Katika uhakiki wa fasihi tumezoea kutenganisha fani na maudhui, kisha kuonya kwamba moja bila jingine ni kiwiliwili bila roho. Scrabble ni mchezo wa fani tupu. Ubao hauulizi maana. Mfano mkuu ni Nigel Richards wa New Zealand. Mwaka 2015 alishinda taji la dunia la Scrabble ya Kifaransa bila kuzungumza Kifaransa. Alikuwa amekariri orodha ya maneno kwa muda wa majuma machache. Mwaka 2024 alirudia maajabu hayo katika Kihispania. Tumvulie kofia kwa kumbukumbu yake. Lakini tujiulize: kama mtu anaweza kuwa bingwa wa lugha ubaoni na asiweze kuagiza chai kwa lugha hiyo, mchezo huu unapima nini?

Upande wa pili wa kasoro hiyo ni mzito zaidi. Kwa muda mrefu wachezaji walidai kwamba neno ubaoni ni herufi tu, halimtusi mtu. Mwaka 2020 chama cha wachezaji wa Amerika Kaskazini kiliondoa zaidi ya maneno 200 ya matusi, ya kibaguzi na mengineyo, katika orodha yake. Wapo waliopinga. Uamuzi huo, hata hivyo, ulikuwa kukiri kwamba neno halivuliwi maana yake kama kanzu na kutundikwa ukutani. Sisi tunaofundisha tashbihi, kejeli na taswira tulilijua hilo zamani.

Fauka ya hayo, maneno ubaoni hayaundi sentensi. *Kiti* linakatana na *watu* bila upatanisho wowote wa kisarufi, na ngeli zimelala usingizi. Tena kuna kasoro ya kawaida ya darasani: ubao mmoja ni wa wachezaji wawili hadi wanne, nasi tuna madarasa ya wanafunzi hamsini, na hodari mmoja akikaa kwenye kundi, wenzake hugeuka watazamaji.

Tulikuwa na michezo yetu

Usiache mbachao kwa msala upitao. Kabla ya kete za Butts, Waswahili walicheza kwa maneno: vitendawili, vitanza ndimi, na ule mchezo wa kinyume uliorekodiwa Unguja katika karne ya 19. Katika kinyume, silabi ya mwisho hutangulizwa: *nyumba* huwa *mbanyu*, *kitabu* huwa *bukita*, *karata* huwa *takara*. Watoto hutumia usemi huu kuwaficha wakubwa siri zao.

Zingatia kipimo kinachohamishwa. Kinachoruka si herufi. Ni silabi. Mshairi wa Kiswahili naye anapohesabu mizani huhesabu silabi, na vina vyake ni silabi. Masikio yetu yamezoea kugawa neno kwa namna hiyo. Yamkini ndiyo sababu baadhi ya wanafunzi huona kete za herufi kama mawe, lakini ukiwaambia “taja neno linaloanza kwa *ka*”, darasa zima hupiga kelele.

Je, tutengeneze kete za silabi badala ya herufi? Nilidhani hivyo, nikaketi na kadi na mkasi. Konsonanti zetu sahili, pamoja na CH, DH, GH, NG’, NY, SH na TH, ni 25. Ukizizidisha kwa irabu tano unapata silabi 125, kabla hujagusa *mba*, *nda*, *mwa* wala *kwe*. Kete mia moja hazitoshi kuiwakilisha kila silabi hata mara moja. Mfuko ungekuwa gunia. Kwa hiyo herufi zina faida ambayo lazima tuikubali: ni chache, na kwa uchache wake zinaunda kila kitu.

Tufanyeje?

Nakushauri njia ya kati, mwalimu, ambayo nimeijaribu kwa makasha ya karatasi na kalamu ya wino mzito, bila gharama.

Kwanza, wanafunzi wahesabu herufi za ukurasa mmoja wa Kiswahili na wagawe kete na alama kulingana na hesabu yao. Pili, ondoeni Q na X, na mzifanye CH, SH, NY na NG’ kuwa kete moja moja. Tatu, neno lolote linaloandikwa kama neno moja kwa kanuni za sarufi likubaliwe, kwa masharti mawili: anayeliweka, akipingwa, alichanganue katika mofimu, kisha alitumie katika sentensi yenye upatanisho sahihi. Akishindwa, arudishe kete. Nne, ubao mmoja uwe wa timu, si wa mtu mmoja, na mwenye kuzungumza awe tofauti kila zamu.

Kwa kanuni hizi kamusi inabaki mezani kama shahidi wa kuheshimiwa, ila si hakimu wa pekee. Maana inarudi. Ngeli zinaamka. Mwanafunzi anayetegemea orodha aliyoikariri hupata tabu pale anapotakiwa kutunga sentensi. Mchezo unakuwa wa polepole zaidi, nakubali, na kelele za mabishano huongezeka. Mwalimu wa darasa jirani amekwisha kunilalamikia mara mbili.

Tamati

Ijumaa iliyofuata nilimwita yule mvulana mbele. Nikamwambia aweke tena ANASOMA. Nikamuuliza achanganue. Akasita, kisha akasema: “*A* ni yeye, *na* ni sasa, *som* ndiyo mzizi, *a* inafunga.” Hakutumia istilahi za kitabu, lakini hapakuwa na kosa. Nikamwandikia alama zake 68 ubaoni, pamoja na neno *samahani*, ambalo nilitaka kila mmoja alione.

Scrabble ni mchezo mzuri uliobuniwa na mtu mwenye subira kwa ajili ya lugha yake. Tukiuchukua ulivyo, unatupima kwa kipimo cha wengine, na tunaonekana wapungufu wa E. Tukiuhesabu upya, unatuonyesha utajiri tulio nao katika viambishi. Kazi ya kuhesabu ni yetu.

Maswali ya Marudio

1. Changanua maneno yafuatayo katika mofimu, kisha ueleze ni lipi linaloweza kujengwa ubaoni kutokana na *cheza* bila kuingiza kete katikati: *chezana, chezea, chezwa, wanacheza*.

2. Kwa kurejelea mifano mitano, jadili kauli kwamba kamusi pekee haiwezi kuamua neno ni lipi katika Kiswahili.

3. Chagua methali tatu, uhesabu herufi zake, kisha ueleze matokeo yako yanaonyesha nini kuhusu irabu za Kiswahili.